Kutoka kupigana kesi mahakamani kwenda kuandika bima za kesi: aliyepita njia hii anisaidie

Wakili_Njiapanda

Heshima zenu wakuu. Mimi ni wakili wa mashauri ya madai, mikataba na migogoro ya biashara hasa. Nimekuwa mahakamani miaka kadhaa sasa na kazi naipenda kwa hiyo msinielewe vibaya, sikimbii. Ila kuna kampuni inayoandika bima za kesi wamenifuata. Kwa asiyezijua, ni ile bima ambayo mdai anaikata wakati mgogoro tayari upo, ili akishindwa basi gharama za upande wa pili na pesa alizotumia kwa wataalamu na ada za mahakama zilipwe na bima. Wanataka niende nikawe andaraita, yaani mtu wa kusoma faili na kusema hii tunaibeba, hii hatuibebi, na tukiibeba ni kwa ada gani.

Mazungumzo ya kwanza yalienda vizuri. Sasa wamenitumia faili la majaribio, madai ya uvunjaji wa mkataba wa usambazaji wa mashine, kuna maoni ya wakili wa mdai yanasema nafasi ya kushinda ni nzuri, kuna barua za pande zote, kuna rasimu ya hati ya madai, na wanataka ukurasa mmoja tu wenye uamuzi na bei. Ukurasa mmoja! Mimi nimezoea kuandika hoja kurasa arobaini.

Maswali yangu kwa waliopita huko: kazi yenyewe ikoje siku hadi siku, ujuzi wa mahakamani unabaki na thamani gani, na hilo la kutia asilimia kwenye kesi linafanyikaje maana miaka yote nimekuwa naandika "tuna nafasi nzuri" na mteja anaridhika. Pia nikienda na nikaona hapanifai, mlango wa kurudi unabaki wazi?

Bi_Kikomo

Karibu wakili msomi. Nilitoka kwenye madai ya biashara nikaja huku, nipo bado na sina mpango wa kutoka, kwa hiyo chukua maneno yangu ukijua naipenda hii kazi.

Nianze na lile la asilimia maana ndo moyo wa kazi na ndipo mawakili wengi wanapokwama. Ukiwa wakili unaanza na upande halafu unatafuta hoja za kuubeba. Huku hauna upande. Faili likija mezani linakuja limeshapambwa na mwenzio anayelijua vizuri kuliko wewe, amekaa nalo miezi, na analiamini. Hakudanganyi, ila anaamini, na hiyo ni hatari kubwa kuliko uongo kwa sababu uongo huwa unaacha alama. Kazi yako ni kuuliza swali moja tu, hivi kesi kama hii zikiwa mia, ngapi zinaishia mdai kuondoka mikono mitupu? Basi. Sio kwamba hoja ni nzuri au mdai kaonewa, ni ngapi kati ya mia.

Sasa angalia hesabu, chukua hilo faili lako la mashine. Mdai ili ashinde lazima athibitishe kwamba masharti anayoyadai yalikuwa sehemu ya mkataba, kwamba yalivunjwa, kwamba hasara imetokana na huo uvunjaji na sio kitu kingine, halafu kwamba hakuna kinga inayomzuia, labda ukomo wa muda au kifungu kinachopunguza dhima. Tuseme unampa 90% la kwanza, 80% la pili, 80% la tatu, 90% la nne. Kila moja ukilisikia peke yake unasema hii kesi imekaa vizuri. Zidisha zote: unapata kama 52%. Wakili wake ameandika 75% na hajadanganya hata neno moja, ameangalia kila hatua akaona iko sawa basi akajisikia 75. Hilo ndo jambo la kwanza nilifundishwa huku na mpaka leo sijaona faili ambalo halijafaidika na kuzidisha.

Ila usizidishe kibubusa. Hatua nyingine zinategemeana. Kama hatua ya pili na ya tatu zote zinabebwa na shahidi mmoja, fundi aliyefunga hizo mashine mathalani, basi akiaminika zote mbili zinasimama na akianguka zote zinaanguka, kwa hiyo hauzidishi 80 kwa 80, unauliza tu huyu fundi ataaminika au hapana. Na hapa ndipo ujuzi wako wa mahakamani unakuwa dhahabu. Mtu wa hesabu tupu hawezi kusoma taarifa ya shahidi akaona kwamba aya ya sita imeandikwa na wakili na sio shahidi, na kwamba akihojiwa kwa nusu saa tu ataikana. Wewe unaona. Umewaona mashahidi wakivunjika kizimbani, unajua inavyoanza.

Kuhusu siku hadi siku: unasoma, unasoma sana. Faili mpya zinatoka kwa mabroka (madalali wa bima) na kwa mawakili moja kwa moja, nyingi unazikataa mapema kwa sababu zisizo na uhusiano na sheria hata kidogo, mfano mdaiwa hana kitu. Hili wakili wa mahakamani huwa hapendi kulifikiria. Hukumu dhidi ya kampuni tupu ni karatasi, na ada yetu mara nyingi inalipwa kutokana na kilichopatikana, kwa hiyo kama hakuna cha kukamata mimi nimebeba hatari bure. Siku hizi swali langu la kwanza kwenye simu ni "huyu mdaiwa atalipa kwa kitu gani na kutoka wapi", sheria baadae.

Mtu_wa_Mizani

Namuunga mkono Bi_Kikomo kuhusu kujiamini. Kuna utafiti ulichapishwa 2010, waliwahoji mawakili 481 wa Marekani wenye kesi zinazoendelea, wakawauliza lengo lao la chini kabisa kwenye kesi ni lipi na wana uhakika kiasi gani wa kulifikia. Baadae wakafuatilia matokeo. Asilimia 44 waliishia chini ya lengo lao wenyewe la chini. Na kilichoniumiza mimi kama wakili wa siku nyingi ni kwamba miaka ya uzoefu haikuwafanya wakisie vizuri zaidi.

Nadhani sababu ni kwamba sisi hatupati mrejesho. Kesi inaisha kwa maelewano, mteja anasaini, faili linafungwa, hakuna anayerudi kuangalia ulisema nini mwanzoni. Kwa hiyo ushauri wangu kwako kabla hata hujaenda: anza leo. Kila shauri ulilonalo andika namba, tarehe, na sababu mbili tatu. Maombi madogo pia, pingamizi, maombi ya kuongezewa muda, zuio, kwa sababu hizo zinaamuliwa haraka na utapata mrejesho. Ukishakuwa nazo za kutosha zipange, zile ulizosema 70% zimeshinda kama 70 kweli? Kuna kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa, alama ya Brier, kimekuwepo tangu 1950. Unachukua ulichokisia, unatoa kilichotokea ukihesabu ushindi 1 na kushindwa 0, unakipandisha kipeo cha pili, halafu unatafuta wastani. Ndogo ndo nzuri. Hakuna haja ya programu, daftari linatosha.

Nyuma_ya_Polisi

Wengi wakisema bima ya kesi wanachanganya vitu viwili vitatu kwahiyo niweke sawa kidogo maana ukienda kwenye usaili usijue umeomba kazi gani itakugharimu.

Kuna bima ya gharama za kisheria inayokatwa KABLA ya mgogoro wowote, mtu anaikata pamoja na bima ya gari au nyumba. Hii ni ya zamani, ilianzia Le Mans Ufaransa 1917 kwa watu wa magari na mbio za magari, ikahamia Ujerumani ambako imekua mpaka kuwa soko kubwa kabisa. Huko andaraita anafanya kazi ya wingi, polisi (yaani mikataba ya bima) nyingi ndogo ndogo, anaandika masharti na kupanga bei ya kundi zima, haangalii kesi moja moja. Anayeangalia kesi ni mtu wa kleimu, yaani wa madai ya malipo ya bima, anauliza tu kama nafasi ya kushinda imevuka nusu, mara nyingi wanasema 51%. Mgogoro mkubwa wa kule ni mteja kuchagua wakili wake mwenyewe dhidi ya kampuni kumpa wakili wa orodha yao. Ulaya kulikuwa na direktivu (agizo la sheria la Jumuiya yao) ya 1987 ikimpa mteja haki ya kuchagua, na mahakama yao ikaitilia nguvu kwenye kesi ya Eschig 2009.

Halafu kuna hii uliyoitiwa wewe, inayokatwa BAADA ya mgogoro kuanza. Hii imekua zaidi England kwa sababu ya kanuni yao kwamba anayeshindwa analipa gharama za mshindi. Marekani kila mtu kwa kawaida anabeba gharama zake, kwahiyo hofu ya kulipia wakili wa adui ni ndogo na bima ya namna hii haikupata nguvu ile. Na jua kabisa biashara hii inaweza kugeuzwa na bunge siku moja. England mwaka 2000 aliyeshinda alianza kuweza kumdai mshindwa hata ada ya bima, soko likapanda sana, kisha tarehe 1 Aprili 2013 sheria ikageuka, kwa kesi nyingi mdai akaanza kuilipa mwenyewe kutoka kwenye alichoshinda, isipokuwa vipande vidogo kama ripoti za wataalamu kwenye uzembe wa madaktari. Siku hiyohiyo kesi za majeraha zikapata kinga ya mdai kutolipa gharama za upande wa pili katika hali nyingi. Kampuni zilizokuwa zimeegemea majeraha madogo madogo zilibidi zihamie kesi za biashara au zifunge. Kwahiyo waulize hao waliokufuata, kitabu chao, yaani jumla ya kesi walizobeba, kimeegemea wapi na nani yuko nyuma yao na mtaji. Wengi wao sio kampuni ya bima, ni wakala aliyekabidhiwa kalamu, yaani ruhusa ya kuandika bima kwa niaba ya mwingine, mtaji ni wa huyo mwingine, na mwenye mtaji akiamua kuichukua kalamu yake kazi inaisha hata kama wewe ulikuwa unaandika vizuri.

Ya tatu ni bima ya hukumu. Umeshashinda, unataka kulinda ushindi wako dhidi ya rufaa. Hiyo nimwachie mwingine.

Wakili_Njiapanda

Asanteni sana jamani, kwa kweli nimepata zaidi ya nilichotegemea. Ni hii ya baada ya mgogoro, na ni wakala mwenye kalamu kama ulivosema @Nyuma_ya_Polisi, hilo la mwenye mtaji sikuwa nimelifikiria nitaliuliza.

@Bi_Kikomo dada yangu, naomba unisaidie kwenye bei. Asilimia nimeanza kuipata, nimezidisha hatua zangu nimefika 58 baada ya kuunganisha zile zinazobebwa na shahidi mmoja. Sasa kutoka 58 kwenda kwenye ada ya bima ndo giza kabisa.

Bi_Kikomo

58 kwa kweli wengi wetu tungesita, mara nyingi tunataka 60 na kuendelea, lakini usikatae haraka, soma kwanza.

Bei inaanza na swali la ada inalipwa lini. Chukua kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, cha 1,000,000, pesa yoyote ile. Tuseme nafasi ya kushinda ni 70%, na mdai akishindwa tunalipa kikomo chote. Hasara ya kutarajia ni 300,000. Kama analipa ada leo, 300,000 inafuta hasara, halafu unaongeza gharama za ofisi, kamisheni ya broka, bima mtawanyo (bima ambayo sisi wenyewe tunaikata kwa kampuni nyingine) na faida. Lakini wadai wengi hawalipi leo, wanalipa mwisho na wanalipa TU wakishinda. Sasa zile kesi 30 kati ya 100 zinazoshindwa mimi nalipa na sipati hata senti, na ada yote inabidi itoke kwa wale 70. 300,000 gawa kwa 0.7 unapata kama 428,600 kabla hata ya gharama zangu. Ndo maana watu wanashtuka wakiona ada, wanadhani tunawanyonya.

Upande wa pili, kesi nyingi haziendi mpaka hukumu, zinamalizika kwa maelewano, na maelewano yenye pesa kwa mdai kwa sisi ni ushindi. Kwa hiyo swali la pili, hii kesi itamalizika hatua gani? Kesi ikimalizika mapema, gharama zilizokuwa hatarini ni ndogo, ndo maana ada huwa inapangwa kwa ngazi, ukimaliza kabla ya kubadilishana taarifa za mashahidi unalipa kidogo, ukifika siku za mwisho kabla ya kusikilizwa unalipa kubwa. Hapo unamtazama mdaiwa: ni mtu wa kukaa mezani au ni mtu wa kanuni atakayepigana mpaka mwisho? Soma barua zake. Barua ya kwanza huwa ya makelele tu. Barua ya tatu ndo inasema ukweli, pale mawakili wake wanapoanza kujibu hoja zenyewe au wanaendelea kuzikwepa.

Na kitu ambacho mtihani wao huenda wamekificha humo humo, angalia kama kuna ofa ya maelewano iliyokataliwa. Kwa sheria za England mdaiwa akitoa ofa rasmi, mdai akaikataa, halafu mahakamani akapata pungufu ya ile ofa, basi kwa kawaida anabeba gharama za mdaiwa tangu muda wa ofa ulipoisha, ambao ni angalau siku 21. Yaani umeshinda kesi na bado bima inalipa. 58 yako ni ya kushinda, umehesabu ya kushinda na kuipita ofa? Hizo ni namba mbili tofauti, na ya pili ndo ninayoiandikia bei.

Ukurasa wenyewe mimi ningeupanga hivi kwa maneno machache: uamuzi kwenye sentensi ya kwanza. Halafu kitu kimoja kinachoweza kuiua kesi, kimoja, usiandike tisa. Halafu namba na jinsi ulivofika. Halafu masharti utakayodai, kwa mfano maoni ya mtaalamu huru wa mashine kabla ya kesi kufunguliwa. Mwisho kikomo na bei. Usiwaeleze sheria ya mikataba, wanaijua. Wanataka kuona kama unaweza kukata kauli ukiwa hauna uhakika, na kuusema huo wasiwasi wazi bila kuufunika kwa maneno ya kiwakili.

Kalamu_Nyekundu

Nachangia kwenye maneno ya polisi yenyewe maana mawakili wakija huku wanadhani kazi ni kukisia tu, wakati nusu ya thamani yako ni kuandika masharti yatakayokuja kusomwa na hakimu siku mbaya ikifika.

Mfano hai: kesi ya Premier Motorauctions, Mahakama ya Rufaa England, 2017. Wafilisi walifungua madai makubwa, upande wa pili wakaomba dhamana ya gharama, yaani mdai aweke uhakika kwamba akishindwa gharama zao zitalipwa, wafilisi wakasema tuna bima ya baada ya mgogoro, hiyo ndo dhamana. Mahakama ikasoma polisi ikaona hakuna kifungu kinachoizuia kampuni ya bima kuifuta polisi kama kutatokea kwamba mdai hakusema ukweli wote. Wakatoa amri dhamana iwekwe. Sasa fikiria, kesi ya aina hii mara nyingi inasimama juu ya ukweli wa mashahidi wa mdai. Wakishindwa kwa sababu hawakuaminika, hapohapo bima anapata sababu ya kusema ulinidanganya, naifuta. Kwahiyo polisi inayeyuka siku ileile inapohitajika. Tangu hapo soko limezoea kuweka kifungu cha kutofuta, unalipa ada ya ziada, na bima anabeba hatari ya kudanganywa na mteja wake mwenyewe.

Wewe kama andaraita lazima ujue ukikubali kukiweka hicho kifungu umeachia nini. Umeachia silaha yako kubwa, ile kanuni ya uaminifu mkubwa ambayo Lord Mansfield aliiweka 1766 kwenye Carter v Boehm na ambayo sheria yao ya bima ya 2015 imeiandika upya kama wajibu wa mteja kuwasilisha hatari kwa haki. Kwahiyo uchunguzi wako lazima ufanyike kabla ya saini, si baada ya kleimu. Omba nyaraka zenyewe, usiridhike na muhtasari. Mimi huwa naomba barua pepe za wiki ambayo mgogoro ulianza, zote, hata zile za ndani. Mdai anayesita kuzitoa amenijibu tayari.

Alierudi_Korti

Mimi nilienda na nikarudi, niweke na upande huu ili ndugu yetu apime.

Kilichonirudisha si pesa. Ni kwamba kesi zote zilikuwa za watu wengine. Unasoma faili zuri, unaona kabisa swali ambalo ungemuuliza yule shahidi, unaandika kwenye noti zako, halafu unakaa ofisini miezi na miezi kusubiri taarifa ya hatua inayofuata, na siku ya kusikilizwa hata haupo ukumbini. Wapo wanaoweza kuishi hivyo vizuri kabisa, wanapenda kusoma na kupima. Mimi nilikosa usingizi si kwa hofu ila kwa kukosa pa kusema.

La pili ni muda. Faili uliloandika leo linaweza kuisha miaka mingi baadae, ikitoka rufaa ndo zaidi. Utakuwa umesifiwa kwa ada ulizoleta kabla ya mtu yeyote kujua kama ulikuwa sahihi. Waulize bonasi yao inahesabiwaje. Kama inalipwa kwa ada zilizoandikwa mwaka huu bila kusubiri hasara zitokee, kuna msukumo wa kuandika chochote, na wewe mwenye dhamiri utakaa na wenzako wanaoandika kila kitu, na wanaonekana hodari kuliko wewe kwa muda mrefu sana.

Kuhusu kurudi, nilirudi, inawezekana. Tunza leseni yako ya uwakili, endelea na masomo ya kila mwaka yanayotakiwa, na hakikisha unaonekana kwenye vikao vya mawakili. Nilichogundua ni kwamba nimekuwa wakili tofauti. Sasa hivi maoni ninayowaandikia wateja yana namba, na wateja wa biashara wanayapenda sana kwa sababu wanaweza kuyapeleka kwa bodi.

Rufaa_Ndefu

Lile la bima ya hukumu @Nyuma_ya_Polisi aliloliacha, nalijazia kwa sababu linaonyesha ukubwa wa mchezo.

Appian dhidi ya Pegasystems, Marekani. Mei 2022 baraza la wazee wa mahakama jimbo la Virginia liliwapa Appian zaidi ya dola bilioni 2 kwa wizi wa siri za biashara. Mdaiwa akakata rufaa. Mwaka 2023 Appian wakanunua bima ya kulinda hukumu ile, kikomo dola milioni 500, na ada waliyolipa ilikuwa zaidi ya dola milioni 50. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ya Virginia ikaitengua hukumu na kuagiza kesi isikilizwe upya.

Angalia ugumu wake kwa andaraita. Kwenye hii hauulizi nani anasema kweli, baraza limeshasema. Unauliza je jaji alielekeza baraza sawasawa kuhusu nani anabeba mzigo wa kuthibitisha hasara, je kuna ushahidi ulizuiwa usivyotakiwa. Ni maswali ya sheria tupu, na wakili wa rufaa anajihisi yuko nyumbani. Lakini ni polisi MOJA kubwa. Kwenye kesi ndogo mia unaweza kukosea thelathini na kitabu kikasimama. Hapa ukikosea moja umekosea yote, kwahiyo hatari kama hii inagawanywa kwa makampuni mengi, kila moja na kipande chake, na kila moja inaleta wakili wake wa kusoma mwenendo wa kesi upya. Ndugu yetu ukianza, anzia kwenye kesi nyingi za kati. Hizi kubwa zikukute umeshajua namba zako zinasema kweli kiasi gani.

Wakili_Njiapanda

Nimerudi kulifungua faili baada ya kumsoma Bi_Kikomo na ofa ipo kweli! Kiambatisho cha kumi na moja, barua ya mdaiwa, ofa ya kulipa karibu theluthi mbili ya kinachodaiwa, muda wake umeshapita na mdai hakujibu kabisa. Wakili wake kwenye maoni yake hajaitaja hata mstari mmoja. Na kuipita theluthi mbili maana yake lazima mdai apate na hasara ya faida iliyopotea, sio bei ya mashine tu, na hiyo faida iliyopotea mimi nimeipa 45% basi. Kwahiyo 58 yangu ya kushinda inashuka mpaka kama 26 ya kushinda na kuipita ofa.

Swali langu la mwisho: naandika "hatubebi" au natafuta njia? Na jingine dogo, ofisi yangu ya sasa imewahi kumwakilisha mdaiwa kama huyu kwenye jambo jingine, faili la majaribio limefutwa majina ila maelezo yanafanana sana.

Bi_Kikomo

La pili kwanza, maana hilo ni zito kuliko mtihani. Waandikie leo hii kwamba unahisi unaweza kumtambua mhusika na kwamba ofisi yako inaweza kuwa na mgongano, uombe faili jingine. Usiwaambie unadhani ni nani na usiwaambie unajua nini. Siri za mteja wa zamani hazikuachi ukihama kazi, na huku utakutana nalo kila mara, faili linakuja la mtu uliyewahi kumtetea au kumshtaki, na unatoka chumbani. Kampuni makini itakuheshimu kwa hiyo barua. Ikikasirika, umeshapata jibu lako kuhusu kwenda.

Sasa la kubeba au kutobeba, tulichukue kama mfano tu. Kwa jinsi lilivyo, hatubebi. Lakini mpigie wakili wa mdai umuulize ofa iliachwa bila kujibiwa kwa nini na kwa ushauri wa nani. Inawezekana mdaiwa akakubali kuirudisha ofa mezani, inawezekana mdai yuko tayari kuachana na faida iliyopotea na kuchukua bei ya mashine na riba. Kama ofa ikikubaliwa hakuna cha kuandikia bima na kila mtu ameenda nyumbani, na wewe umefanya kazi nzuri kuliko kuandika polisi. Ikishindikana, unaweza kuwapa bima inayoanzia mbele, isiyogusa gharama zinazotokana na ile ofa ya zamani, na sharti kwamba ofa yoyote inayokuja lazima tuijue ndani ya siku chache na isikataliwe bila ridhaa yetu na ushauri wa maandishi wa wakili. Hiyo inaweza kuwa na bei.

Wakikupa faili jipya, anza na viambatisho kabla ya maoni ya wakili, halafu uje utuambie umekuta nini.